Jinsi Kalunde Alivyochelewesha Posa Yake Mwenyewe

Mtu wa Kambu akikuambia kwamba Kalunde ni mtoto wa kaka yangu, mwambie anyamaze. Kalunde ni wangu. Kaka yangu Mwangangi, yule anayeuza nafaka soko la Mukuyuni, alimzaa tu. Alikuwa na wengine sita nyumbani na mimi sikujaliwa hata mmoja, basi siku moja alimleta hapa kwangu, mtoto ana begi la nailoni na kamasi mpaka mdomoni, akasema, "Syombua, huyu mchukue. Anakula sana lakini hasumbui." Kula, kweli anakula. Kwa hilo la kutosumbua kaka yangu alinidanganya mchana kweupe.

Mimi nina hoteli hapa Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Nikisema hoteli usifikirie lifti. Ni mabati, benchi nne na jiko la kuni, lakini muthokoi yangu, yale mahindi ya kukoboa yaliyoivishwa na maharagwe mpaka yanalainika, madereva wa malori wanaijua kutoka Malaba mpaka Mombasa. Kalunde alikulia hapo akiosha vikombe na kuuliza maswali. Na maswali yake hayakuwa ya watoto wengine. Wakati reli mpya ilipokuwa ikijengwa, mainjinia walikuja kula kwangu, na vijana wa hapa waliwazunguka wakiuliza, treni itakimbia mwendo gani, itashinda basi, itashinda ndege? Kalunde alisimama na sinia mkononi, akangoja wamalize, akauliza, "Na itasimamaje?"

Injinia mmoja aliweka kijiko chini akamtazama. Akamwambia treni yenye mwendo haisimami kama boda boda. Ukifunga breki hapa, itasimama kule mbali, kwa hiyo dereva lazima ajue mambo kabla hajayaona. Kalunde hakulala siku hiyo. Nakuambia mtoto alikuwa ananisumbua jikoni kwa wiki nzima, "Shangazi, mtu anajuaje jambo kabla hajaliona?" Nikamwambia, "Mimi najua hivi vikombe havitajiosha."

Alipomaliza shule alipeleka maombi, akaitwa, akaenda kusomea reli. Siku aliyorudi likizo ya kwanza ndipo niliposhtuka. Niko jikoni, maziwa yako motoni, nikaona Kalunde amesimama wima kama askari, mkono umenyooshwa, kidole kimeelekezwa kwenye sufuria, anapaza sauti: "Maziwa! Yanapanda! Punguza moto!" Kisha akageukia mlango, kidole tena: "Mlango! Uko wazi! Pita!" Akapita.

Ngai wangu! Nilimpigia pasta simu nikamwambia aje na wamama wawili wa maombi, mtoto ameingiliwa.

Kumbe ndivyo walivyofundishwa. Wakiwa ndani ya injini, kila taa ya ishara wanayoikaribia lazima wainyooshee kidole na kuitaja kwa sauti, dereva anasema, msaidizi wake anajibu. Kalunde alitueleza vizuri mbele ya pasta, huku wale wamama wameshikilia Biblia zao. Macho yanaweza kuona taa na akili ikawa imeenda Mukuyuni kununua kunde, alisema. Lakini mdomo ukisema na kidole kikionyesha, akili hurudi mbio. Pasta alisema amina na akala sahani mbili.

Siku hiyo hiyo alitueleza kuhusu mashine. Ndani ya chumba cha dereva kuna skrini, na kwenye ile skrini kuna mstari unaoonyesha mwendo wa treni, na mstari mwingine juu yake unaoonyesha mwendo ulioruhusiwa hapo ulipo: kwenye kona ni huu, kwenye daraja ni huu, ukikaribia kituo unashuka. Mstari wako ukiugusa ule wa juu, mashine inapiga kelele. Ukijifanya kiziwi, inafunga breki yenyewe bila kukuomba ruhusa. Tena kuna cha kubonyeza kila mara kuonyesha uko macho. Usipobonyeza, mashine inajua umesinzia au umekufa, na inasimamisha treni.

"Hiyo mashine ni mama mkwe," nikasema. Wamama wakacheka mpaka Biblia zikaanguka.

Basi miaka ikaenda. Kalunde akawa msaidizi, kisha akawa dereva kamili wa treni ya abiria, na mimi nikawa mtu wa kujishaua. Treni ikipita huku nyuma ya mji, hata kama inaendeshwa na mtu mwingine kabisa, nawaambia wateja, "Huyo ni wangu." Ndipo akaja Nyamai.

Nyamai ni fundi wa pampu za visima, kijana wa Tseikuru, kule juu kabisa Kitui ambako ukiuliza jirani yuko wapi unaonyeshwa kilima. Alikuja huku Makueni kufunga pampu, akala muthokoi yangu siku tatu mfululizo, siku ya nne nikagundua si muthokoi inayomleta. Kijana mzuri. Mnyenyekevu, mchapakazi, anaomba kabla ya kula. Kasoro yake ni moja: akipenda kitu anakisifu mpaka anakiharibu.

Alikwenda kwao kumwambia baba yake, Mzee Mbaluka, kwamba amepata mchumba na mchumba ni dereva wa treni. Mzee Mbaluka ni mfugaji. Mtu wa maneno machache na kofia moja. Mzee akaingiwa na wasiwasi, na ni haki yake, akauliza, "Msichana anaendesha lile joka lenye watu ndani? Likimshinda je?" Hapo Nyamai angesema tu, "Baba, ni hodari," mambo yangeisha. Lakini yeye akataka kumtuliza mzee kabisa kabisa. Akasema, "Baba, usijali hata kidogo! Treni ina mashine ya kusimamia mwendo. Ikizidi, inajifunga breki yenyewe. Hata dereva akilala, inasimama."

Mzee Mbaluka akasogeza kofia yake nyuma. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yeye hufanya nini?"

Na Nyamai, badala ya kujibu, akakohoa.

Ulimi uliponza kichwa! Mzee akasema msichana anayelipwa kwa kukaa kwenye kiti huku mashine ikifanya kazi si dereva, ni abiria wa mbele. Na abiria anayejiita dereva anawadanganya watu. "Hata punda wangu ana kazi," alisema. "Sipeleki mbuzi wa ntheo kwa mtu asiye na kazi ninayoweza kuiona." Sasa wewe kama si mtu wa kwetu nikueleze: mbuzi wa ntheo ndio mbuzi wa kwanza ambao upande wa mvulana hupeleka kwa kina msichana. Hata mkae pamoja miaka thelathini na mzae wajukuu, kama mbuzi hao hawajafika, kwa Wakamba huyo si mke wako, mnatembeleana tu.

Nyamai aliniletea habari hizo akikunjakunja pindo la shati lake kwa vidole. Kalunde alikuwa ameketi hapo hapo kwenye benchi. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na nikaona machozi yanadondoka juu ya meza na yeye anayafuta pamoja na meza. Huyu mtoto nilimwona akilia mara chache mno. Damu ilinipanda kichwani, nikamnyang'anya Nyamai simu.

"Mzee Mbaluka," nikasema, "habari ya huko. Mimi ni Syombua wa Kambu. Nasikia umemlinganisha mtoto wangu na punda."

"Nilisema punda ana kazi," akajibu polepole. "Sikusema mtoto wako ni punda."

"Basi njoo uione kazi yake! Panda treni anayoiendesha, kisha uje hapa Kambu useme neno lako mbele ya wazee wetu!"

Akasema, akiniita mwaitu, yaani mama, "Nitapanda. Lakini usisahau jambo moja, mwaitu. Kwetu neno la ndoa halitamkwi jua likishapinduka. Baba yangu hakulitamka jua likishuka, na babu yangu hakulitamka. Nikifika kabla ya hapo nitasema ndiyo au hapana. Nikichelewa, sitamki, na sirudi tena. Mimi ni mzee, Tseikuru ni mbali."

Nikasema sawa! Nilikuwa na hasira, ningekubali hata angesema tukutane mwezini. Nilipohesabu baadaye nikaona hakuna taabu: treni ya asubuhi kutoka Nairobi hufika Mtito Andei kabla ya saa sita vizuri sana, na zamu ya Kalunde Jumamosi tuliyopanga ilikuwa inaishia hapo hapo Mtito. Kutoka Mtito mpaka Kambu gari ni muda wa kumaliza soda.

Kalunde aliposikia hilo la jua alinitazama tu. "Shangazi, umeweka ndoa yangu kwenye ratiba ya treni?"

"Si ratiba yako?" nikamwambia. "Basi iendeshe."

Jumamosi ile mimi mwenyewe nilikuwa Nairobi kuwapokea. Mzee Mbaluka alikuja na fimbo yake, kofia yake, na rafiki yake Mowlid. Mowlid ni Msomali mfanyabiashara wa mifugo, ameishi Tseikuru tangu utoto na Kikamba chake kinanishinda mimi. Mzee alimleta awe shahidi. Tukaketi, mimi upande huu, wao upande ule, meza ndogo katikati. Mzee alikataa kuweka fimbo kwenye rafu. Akaagiza chai, na ilipokuja hakuinywa. Aliiweka katikati ya meza akaitazama.

Treni ikaondoka. Ile chai haikutikisika. Tulipita Athi River, tukakimbia kwenye nyika, pundamilia wanatushangaa, chai imetulia.

"Unaona?" nikasema. "Hata tone!"

"Mashine," akasema Mzee Mbaluka.

Tukasimama Emali, taratibu, bila mtu kuyumba. "Mashine," akasema. Tukaondoka tena, laini kabisa. Nikamtazama. "Mashine," akasema. Aki ya Mungu, kama si hofu ya kuharibu posa ningemmwagia ile chai.

Tulikuwa tumeacha Emali nyuma wakati treni ilipoanza kupunguza mwendo. Ikapunguza, ikapunguza, mpaka ikasimama katikati ya vichaka, milima ya Chyulu iko kule, sisi tuko hapa, hakuna kituo wala nini. Watu wakachungulia madirishani. Baada ya kitambo tukasikia tangazo: mashine ya kusimamia mwendo imepata hitilafu. Treni itaendelea na safari kwa mwendo wa chini mpaka Mtito Andei. Tunaomba radhi.

Treni ikajivuta ikaanza kwenda. Kwenda nasema ni kwa heshima tu. Kulikuwa na mtu na baiskeli kwenye barabara ya vumbi kando ya reli, na yule mtu alitupita.

Behewa zima likalipuka kwa kelele. Kila mtu na harusi yake, kila mtu na matanga yake huko Mombasa. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye tai nyekundu, akasimama katikati akapiga kelele, "Kwani dereva ni wa nini? Kama mashine imekufa si ndiyo afadhali? Sasa hakuna wa kumzuia! Si akanyage tu!"

Na mimi, mwanamke mzima, kiongozi wa wamama kanisani, nikasimama nikasema, "Kweli kabisa!"

Mzee Mbaluka akanigeukia. "Syombua, si ulisema huyo dereva ni mtoto wako?"

"Ni wangu."

"Mbona unataka akimbie?"

"Kwa sababu ya jua lako!" nikamwambia. "Jua lako hilo linakimbia kuliko sisi!"

Nikamtafuta msichana mhudumu. Nikamwambia mimi ni shangazi ya dereva, nina ujumbe mfupi sana wa kumpelekea, maneno mawili tu: ongeza mwendo. Msichana akaniambia kwa adabu, "Mama, dereva hasemeshwi akiwa kazini."

"Hata na shangazi yake?"

"Hata na mama yake mzazi."

Nikarudi kuketi. Nikawa najua jambo moja ambalo yule wa tai hakulijua: Kalunde alikuwa na saa mbele yake. Alijua jua liko wapi kuliko mimi. Alijua nani yuko ndani ya behewa, alijua wazee wamekaa Kambu, alijua mzee akichelewa ndoa imekwisha. Na ile mashine ya kumpigia kelele na kumfungia breki ilikuwa imezimika. Angetaka, angeikimbiza treni ile mpaka Mtito na abiria wangempigia makofi. Nami niliomba, Mungu anisikie, niliomba aikimbize. Moyo wangu ulikuwa unamwambia, "Kimbia, mwanangu, kimbia kidogo tu." Treni ikaendelea kutambaa.

Nilitafuta methali ya kumtetea kwa Mzee Mbaluka, na iliyokuja kichwani ni mwenda pole hajikwai. Nikaimeza. Mtu aliyechelewa hiyo hataki kuisikia.

Yule wa tai hakuchoka. Akasema, "Ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke usukani!" Wuui! Hapo nikasahau kwamba tulikuwa upande mmoja. Mimi naruhusiwa kumlaumu Kalunde, nilimlea. Wewe ulimpa uji lini? Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, na nilikuwa bado naendelea wakati Mowlid alipoinua mkono, amekaa kwa utulivu wake.

"Kijana," Mowlid akamwuliza yule bwana, "tochi yako ikizimika njiani gizani, wewe ndipo unaanza kukimbia?"

Behewa likacheka. Yule wa tai akaketi. Mzee Mbaluka hakucheka. Alikuwa anaitazama ile chai, imepoa zamani, imefanya utando juu. Tukaingia kona moja ndefu, kisha tukavuka daraja, polepole, na ile chai haikuinama upande huu wala ule. Nikangoja aseme "mashine". Mara hii hakusema.

Tulipofika Kibwezi tukasimama. Mzee akachungulia nje. Kwenye jukwaa la kituo kulikuwa na mlingoti, na kivuli chake kilikuwa kifupi sana, kimejikunja miguuni pake. Tulipokaribia Mtito Andei kivuli cha kila kitu kilikuwa kimeanza kurefuka upande wa pili. Sikuhitaji kuambiwa.

"Limepinduka," akasema Mzee Mbaluka.

Nilimwona Kalunde mdogo na begi lake la nailoni, nikajiona mimi na mdomo wangu kwenye simu, nikikubali masharti ya jua. Nililia bila kujificha. Mowlid akanipa kitambaa.

Tuliposhuka, mzee hakwenda kwenye mlango wa kutokea kituoni kama abiria wengine. Alitembea na fimbo yake kuelekea mbele, kwenye injini, na sisi nyuma yake. Mlango wa injini ukafunguka akashuka Kalunde. Shati lake la kazi lilikuwa limemshika mgongoni kwa jasho. Alipotuona akasimama wima. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mlango wa mabati unaosuguana na sakafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sauti yako imekwenda wapi?"

Akajaribu kujibu, akakohoa. Msaidizi wake, kijana anayeitwa Mutunga, ndiye aliyesema. "Mzee, mashine ikiwa haifanyi kazi, kila kitu kinasemwa kwa mdomo. Kila taa, kila kona, kila daraja, kila swichi ya reli, pale njia zinapogawanyika, na mwendo wetu pia. Yeye anasema, mimi najibu, kisha anarudia. Tangu kule Emali hajanyamaza. Nilimwambia apumzishe koo hata kidogo, akakataa."

Abiria walikuwa wanapita. Mmoja akamtupia Kalunde neno baya kuhusu konokono. Kalunde hakugeuka.

Mzee Mbaluka akasogea karibu. "Mashine ilipozimika, ni nani aliyekuwa anakuzuia?"

"Hakuna, baba."

"Ulijua wazee wananingoja?"

"Nilijua."

"Na jua, ulijua?"

"Nilijua, baba." Macho yalimjaa. "Lakini nilikuwa na watu ndani."

Mzee aligeuka akamwambia Mowlid watafute mahali penye maji ya moto na tangawizi, huyu msichana anywe kwanza. Alipomaliza kunywa tukaingia kwenye gari, sisi wote, kama watu wanaotoka mazishini. Nilijipa moyo kwamba anakuja, hajarudi Tseikuru. Kisha nikajikumbusha kwamba hata hapana ni neno ambalo mtu muungwana huja kulisema mwenyewe.

Kambu tuliwakuta wazee wamekaa hotelini kwangu tangu asubuhi. Soda zimepata joto, muthokoi imepashwa mara mbili, na mzee mmoja alikuwa amelala huku kofia imemfunika uso. Nyamai alisimama mlangoni, uso wake umekauka. Kaka yangu Mwangangi alikuwa amekasirika, na akikasirika anakuwa na adabu nyingi mno, hiyo ndiyo dalili. Akainuka akawasalimu wageni mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mzee Mbaluka, karibu. Sisi tumekaa hapa tangu umande haujakauka. Kwetu kuwaweka wazee hivi si jambo dogo, lina faini ya mbuzi. Kwa hivyo nauliza tu, nani amewachelewesha?"

Nikaruka haraka niseme, "Ni mashine!" Lakini Mzee Mbaluka aliinua fimbo yake, nami nikafunga mdomo.

"Jua limepinduka," akasema. "Na kwetu neno la ndoa halitamkwi jua likishuka. Kwa hivyo wazee, leo sina neno la ndoa."

Nilisikia Nyamai akivuta pumzi. Kalunde alikuwa nyuma kabisa, amejishika kwenye nguzo ya mlango, ameinamisha kichwa.

"Neno la ndoa sina," mzee akarudia. "Nimekuja kuomba msamaha tu. Aliyenichelewesha ni mtoto wangu. Kama kuna faini, hiyo faini si ya mtu mwingine, nitailipa mimi baba yake."

Kaka yangu akakunja uso. "Mtoto wako yupi? Nyamai tumekuwa naye hapa tangu asubuhi."

"Si Nyamai," akasema Mzee Mbaluka, akanyoosha fimbo juu ya vichwa vya wazee wote mpaka kule mlangoni. "Ni yule."

Wazee wakaigeuza ile kauli vichwani mwao. Yule aliyelala akaamka kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya wazee na vigelegele vyangu, kibwebwe kimefunguka, sijali, na Nyamai anacheka na kulia kwa pamoja kama mtoto. Kalunde alisogezwa mbele na mikono ya watu mpaka miguuni pa mzee. Akapiga goti, akafungua mdomo kumshukuru, na sauti haikutoka hata kidogo.

"Nyamaza, mwanangu," akasema Mzee Mbaluka. "Umesema ya kutosha leo."